Taa za treni ndogo si anasa ya matajiri

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba kuweka taa ndani ya nyumba za reli ya mfano ni kazi ya wenye fedha. Mimi ni fundi umeme mstaafu. Meza yangu ya treni za kipimo cha HO, yaani 1:87 (mara 87 ndogo kuliko treni halisi), ina mji mzima unaowaka usiku, na umeme wote wa nyumba hizo unatoka kwenye adapta ya ruta iliyokufa: volti 12, ampea 1.

Taa zenyewe ni ule mkanda wa LED wa volti 12 unaouzwa kwa mita. Ule wa kawaida wenye LED 60 kwa mita huwa na alama ya mkasi kila baada ya LED tatu, yaani kila sentimita 5, na kila kipande kina rizista zake tayari, yaani vile vifaa vidogo vya kupunguza mkondo wa umeme. Kipande kimoja cha LED ndogo aina ya 3528 hula takriban miliampea 20. Kwa hesabu hiyo, ampea 1 ingebeba vipande 50; mimi naishia 40, maana adapta inayobebeshwa hadi mwisho huchemka. Nyumba ndogo inatosheka na kipande kimoja darini. Pitisha waya mbili nene chini ya meza, chanya na hasi, kisha kila nyumba ijiunge hapo sambamba. Nyaya nyembamba toa kwenye kebo ya intaneti iliyoharibika.

Lakini mji hauharibiki kwa uhaba wa taa, unaharibika kwa wingi wake. Nimeona meza za gharama kubwa ambako kila dirisha linang'aa kama chumba cha upasuaji. Nani anaishi hivyo? Nyumba yenye watu huwa na chumba kimewaka, kingine kiza, na cha tatu pazia limeshushwa. Kwa hiyo gawanya vyumba kwa kadibodi nyeusi, na madirisha yenye mwanga yabandike karatasi ya kunakilia michoro kwa ndani. Chagua LED zenye umanjano, za Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Zile za weupe wa kibuluu ziachie kiwanda au ofisi. Ukipata adapta ya volti 9, mkanda uleule utafifia, na utapendeza zaidi.

Halafu kuna kuta. Plastiki nyembamba hupitisha mwanga, nyumba nzima ikawaka kama fanusi hata pasipo dirisha. Paka rangi nyeusi ndani kwanza, ikikauka ipake nyeupe juu yake ili irudishe mwanga. Nyufa za pembeni na za chini ziba kwa utepe mweusi.

LED moja moja nazo zinafaa, hasa kwa taa ya barazani. Zichomoe kwenye taa za sola za bustani ambazo betri zimekufa. Kwenye volti 12 vitabu vitakuambia uweke rizista ya ohmu 470. Mimi naweka 2,200 na mwanga unatosha kabisa.

Usichukue umeme wa taa kwenye reli. Kwa mfumo wa kawaida, ambapo mwendo hubadilishwa kwa volti za reli, mji utafifia kila treni inapopunguza mwendo. Kwa mfumo wa kidijitali, ambapo injini huamriwa kwa ishara kupitia reli, unazinyang'anya injini ampea zake. Na yale mapambo ya taa yanayochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila adapta, usiyakate hata kidogo. Hizo si volti za kuchezea.

Kwa watengenezaji wa nyumba hizi nina ombi: andikeni kwenye boksi kama kuta zinapitisha mwanga au la. Tukijua hilo mapema, tutapaka rangi kabla ya kubandika paa kwa gundi.

Fundi umeme mstaafu