Saa kumi na moja alfajiri: barua kwa vijana mnaopewa fedha za Akili Mnemba

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Wiki tatu zilizopita nilialikwa kwenye onyesho la programu za Akili Mnemba zilizotengenezwa kwa ruzuku ya umma. Niliitwa kwa sababu nilikuwa bwana shamba kwa miaka 31, mingi yake katika mikorosho ya Mkuranga na Rufiji, na programu iliyosubiriwa zaidi siku ile ilikuwa ya wakulima wa korosho. Waandaaji wakamleta bibi mmoja mkulima aijaribu mbele ya wageni. Akapewa simu, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni na kusema taratibu: "Nikumbushe kesho saa kumi na moja alfajiri, nakwenda kupuliza salfa."

Simu ikaandika: kesho, 11:00.

Ukumbi ukapiga makofi, maana maneno ya bibi yalitokea kwenye skrini bila kukosea hata herufi. Mimi nikanyoosha mkono. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya jani na upepo umelala, ndipo unga unaposhika. Simu ikisema 11:00, hiyo ni saa tano asubuhi: jani limekauka, upepo umeamka, salfa inapeperuka hadi kwa jirani na ugonjwa wa ubwiriunga unaendelea kula maua. Kijana aliyekuwa jukwaani, mpole na mwenye adabu, akanijibu: "Babu, hilo ni tatizo la modeli. Sisi tunaiunganisha tu." Modeli ndiyo ubongo wa programu, ule unaosikiliza na kujibu. Bibi akarudisha simu, akajifunga kanga yake upya, akasema, "Basi nitaamka na adhana kama siku zote."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba jua likichomoza tunaanza kuhesabu upya. Kikundi cha vijana waliosoma vyuo vikuu, Waswahili watupu, wamepewa fedha za kodi ya yule bibi, na hakuna aliyeona kuwa kazi yao ya kwanza ni kuifundisha mashine saa yetu. Nikaomba kuona mchanganuo wa matumizi. Semina mbili hotelini, fulana, mabango, ada ya mwezi ya modeli ya kigeni. Nauli ya kwenda kijijini ilikuwa mstari mmoja, tena wa siku moja.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Mnapoandika andiko la kuomba fedha, mnajaza maneno makubwa kuhusu modeli, lakini modeli mnaikodi. Kitu pekee ambacho wale wenye modeli hawana ni maneno ya watu wetu: saa zetu, debe, heka, rumbesa, namna mama wa Kilwa anavyoeleza homa ya mtoto. Hayo hayapatikani hotelini. Yanatafutwa kwa kukaa mkekani, kurekodi, kuomba ridhaa, kumlipa mtu muda wake, kisha kurudi nyumbani kuandika neno kwa neno na kulipanga. Kazi hiyo inachosha na haina picha nzuri ya kupiga. Ndiyo kazi yenyewe.

Majirani zetu wameionyesha. Zaidi ya picha 21,000 za majani ya mihogo zilikusanywa Uganda, nyingi zikipigwa na wakulima mashambani mwao, zikapangwa na wataalamu wa mazao pamoja na maabara ya Akili Mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere: hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili ni zima. Mwaka 2020 zikawekwa wazi, na watafiti wa dunia nzima wakashindania kutambua magonjwa ya muhogo wa Uganda. India nayo, mwaka 2022, ilizindua mpango wa Bhashini, ambamo mwananchi wa kawaida anachangia sauti yake kwa lugha ya kwao na mwingine anaihakiki. Miaka miwili baadaye serikali yao ikaidhinisha zaidi ya rupia bilioni 103 kwa ajili ya Akili Mnemba, zitumike kwa miaka mitano, na sehemu ya fedha hizo inagharamia kompyuta kubwa ambazo vijana wanazikodi kwa bei ya ruzuku. Lugha walishaanza kuikusanya. Sisi tunaanzia kwenye fulana.

Najua hali zenu. Najua kuna aliyeacha ajira, kodi ya chumba inadaiwa, na awamu ya pili ya ruzuku imechelewa miezi mitano huku mama nyumbani akiuliza kazi gani hiyo isiyo na mshahara. Siwadharau hata kidogo. Yule kijana wa jukwaani nilimfuata baadaye nje, nikamkuta amekaa peke yake kwenye ngazi hajala tangu asubuhi. Tukala wote wali maharage. Ana akili kali kuliko nilivyokuwa nayo mimi nikiwa na umri wake, na kwa sababu hiyo nachukia zaidi kuona inatumika kubandika jina la Kiswahili juu ya kitu cha watu wengine.

Mengine nayataja kwa kifupi. Tunzeni risiti. Someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kabla hamjarekodi sauti ya mtu. Msisaini mkataba unaompa mfadhili rekodi zote. Mweleze mkulima mradi unaisha lini.

Na wakubwa wenzangu mlioko maofisini, sijawasahau. Sera za Akili Mnemba si haba. Kanada ilitangulia mwaka 2017 kwa mkakati wa dola zao milioni 125. Rwanda ikapitisha sera yake mwaka 2023, Umoja wa Afrika ukaridhia mkakati wa bara Julai 2024, Kenya ikazindua wake Machi 2025, na wiki iliyofuata Kigali ukatangazwa mpango wa mfuko wa Afrika wa dola bilioni 60. Lakini mimi nakumbuka Lagos mwaka 1980, viongozi wa Afrika walipojiwekea lengo la kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya sayansi, na nchi nyingi hazikulifikia. Kwa hiyo tarakimu hainishtui tena. Fomu zenu zinauliza vijana wangapi wamepata mafunzo na uzinduzi ulihudhuriwa na nani. Ulizeni rekodi ngapi za sauti zimebaki, zimehifadhiwa wapi, na kama mwananchi aliyezilipia anaweza kuzitumia. Lipeni awamu kwa wakati.

Kuna jambo jingine linaniuma. Kila mwaka tunahitimisha vijana waliosomea Kiswahili, wengi wanarudi kukaa barazani wakisubiri ajira za ualimu. Mwaka 2023 dunia ilisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyapanga, ili mashine ya kigeni ijifunze adabu. Mikono ya kazi hiyo tunayo, basi. Waajirini hawa wahitimu, kwa ujira wa heshima, wapange sauti za bibi zao.

Msimu wa salfa unaanza Juni. Nimeshazungumza na yule bibi, ameridhia. Kijana wa jukwaani ana namba yangu, awaambie na wenzake. Njooni na kinasa sauti na daftari, mlale kwangu Mkuranga siku tatu, na kila siku tutakuwa shambani kwake saa kumi na moja alfajiri. Mvae viatu vya mvua, umande wa huko ni mwingi.

Babu yenu,
bwana shamba mstaafu