Wanangu wa vyuoni huku Nyanda za Juu, acheni kupika data

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma na mnaofundisha vyuoni huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Mbeya, hamjambo? Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, naishi Rungwe, na kila msimu wa fildi mnapita kwangu maana mwenyekiti akimwona kijana ana begi na madodoso anamwelekeza kwa mzee mwalimu. Nawapokea kwa moyo wote, chai ipo, ndizi zipo. Ila kuna jambo linaniumiza na leo nalisema hadharani. Mnapika data, yaani mnatunga majibu ya watu ambao hamkuwahoji. Sio wote, lakini mko wengi kiasi kwamba mnaliongea mbele yetu wazee kama jambo la kawaida tu, eti mzee haya madodoso yaliyobaki nitayamalizia gesti.

Najua shida zenu. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, limechelewa, bodaboda mpaka kitongoji cha mwisho ni hela nyingi, mvua za huku hazina adabu, na supavaiza, msimamizi wa utafiti wako, keshasema anataka uhoji watu 384 basi. Sasa hapo kwenye 384 naomba tukae kidogo maana ndo pananikera kuliko kote kama mtu wa hisabati. Hivi hiyo namba mnajua imetoka wapi? Unachukua 1.96 unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, unazidisha na 0.25, unagawanya kwa 0.05 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, unapata 384 na kidogo. Maana yake ni kwamba ukichagua watu 384 kwa bahati nasibu, asilimia utakayopata inakuwa na kosa la juu chini kama asilimia 5, kwa uhakika wa asilimia 95. Basi, hakuna muujiza mwingine pale. Ukiishia watu 200 wa kweli, kosa lako linakuwa kama asilimia 7. Ukiishia 100, linakaribia 10. Yaani umekosa watu 184 na gharama yake ni hizo asilimia 2 za kuongeza kwenye kosa, unaziandika kwenye ripoti, unaeleza mvua na nauli, umemaliza na umelala vizuri. Lakini ukijaza hao 184 kichwani mwako, hesabu yote imekufa, hata wale 200 wa kweli umewachafua, maana fomula ile ilijengwa kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu na sio kwa mawazo ya kijana mmoja mwenye njaa saa nne usiku. Na wale mnaowahoji waliokutwa stendi au sokoni Mwanjelwa kwa sababu wapo karibu, fomula hiyo haiwahusu pia, semeni tu mlivyowapata.

Halafu msidhani haionekani. Namba za kutunga zina tabia zake. Uzito wa watoto 300 ukipimwa kweli kwa mizani yenye desimali, ile tarakimu ya mwisho inajigawa yenyewe, sifuri kama sehemu moja ya kumi, moja hivyo hivyo, mpaka tisa. Mtu akitunga anapenda namba fulani na anakwepa nyingine, anaogopa kuandika tarakimu ile ile mara mbili mfululizo kwa sababu anaona haifanani na bahati, wakati bahati ya kweli inafanya hivyo kila saa. Mtu mwenye kompyuta anaipata hiyo tabia bila hata kukujua sura. Kinyume chake pia kipo: bibi wa kijijini akikwambia ana miaka 70 na jirani yake 75 na mwingine 80, huo sio uongo, ni kukadiria, na watu wa sensa wanalijua jambo hilo siku nyingi. Dawa yake ni kumuuliza kwa matukio. Wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA ulikuwa umeshaolewa? Mwaka wa Uhuru ulikuwa unachunga? Mtapata mwaka mzuri kuliko mnavyofikiri, ila inataka kukaa nae, na kukaa ndo mnakokukimbia.

Sasa niwape habari ya Kyela, maana ni ya kwetu na wengi wenu hamuijui kabisa wakati wenzenu wa Ulaya wanaisoma. Kati ya 2006 na 2011 watafiti wa NIMR Mbeya, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao wa Munich, Ujerumani, walifuatilia watu hapa mkoani, mwaka hadi mwaka, wanatolewa damu, wanapimwa VVU, wanaulizwa maswali. Kyela wakaangalia na minyoo ya matende, ile inayoletwa na mbu. Wengi wenye mnyoo ule hawana mguu uliovimba wala dalili yoyote, huwezi kumwona mtu ukamjua. Matokeo yakatoka 2016 kwenye Lancet, jarida la kitabibu: watu wenye mnyoo wa matende walipata maambukizi mapya ya VVU kama mara mbili zaidi ya wasio nao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mnyoo unaziamsha chembe za kinga za CD4, na kirusi kinapenda kuingia kwenye chembe zilizoamshwa. Mbu wa Kyela na Ukimwi, nani angeliwaza hilo akiwa gesti na kalamu?

Hapo ndipo naomba mnielewe wanangu. Anayetunga anaandika kile ambacho tayari anakiamini, hawezi kuandika kitu asichokijua, kwa hiyo utafiti wa kupikwa hauwezi kukushangaza hata siku moja. Hebu fikirini kwenye ile kazi ya Kyela msaidizi mmoja angejaza majina ya watu ambao hakuwafikia, mnyoo kawapa wengine na wengine kawanyima ovyo tu. Yale makundi mawili yangeanza kufanana, tofauti ingepungua, labda ingepotea kabisa, na mpaka leo hakuna ambaye angejua.

Na namba hizi zinaamua maisha ya watu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni 4.4. Mikoa hii mitatu ndiyo inayoongoza, ni majirani zetu na ndugu zetu. Dawa zinapelekwa kwa namba hizo, vipimo hivyo hivyo. Kuna watu waligonga milango kwenye baridi la Makete kuzipata.

Wale wa sayansi ya jamii mtaniambia mzee sisi hatupimi damu. Haya. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walikuja huku Rungwe kuwachunguza Wanyakyusa. Ilikuwa enzi ya mkoloni na mengi waliyaona kwa macho ya kigeni, mimi siwapambi. Lakini walikaa, wakajifunza Kinyakyusa, wakaeleza vile vijiji vya marika ambapo vijana wa rika moja walihama kwa wazazi wakajenga pamoja, na leo wajukuu zetu wakitaka kujua mababu waliishije inabidi wasome kwao. Inaniuma kwamba mgeni alikaa na nyie wenyeji mnaoelewa lugha mnashindwa kukaa siku mbili, mnagawa dodoso kwa mtendaji alafu mnalifuata jioni likiwa limejazwa lote kwa mwandiko mmoja.

Na nyie wa elimu na sanaa ndo nawaonea huruma zaidi kwa sababu mnalazimishwa dodoso la kukubali sana, kukubali, kukataa, hata pale ambapo haliwezi kuleta kitu. Mtoto wa kike wa kidato cha pili atakubali sana kila unachomwandikia ili atoke akacheze. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwa mbele, walianzisha mashuleni mpango ulioitwa Tuseme. Wasichana walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayatengenezea igizo, wakalicheza mbele ya walimu, kisha yakajadiliwa. Kwenye igizo mtoto anasema ya mwalimu anayewasumbua na ya kukosa pedi, ambayo kwenye karatasi yenye jina la shule hayasemi. Huo ni utafiti kamili, andikeni kilichochezwa na kilichosemwa, wala msione aibu kwamba hauna jedwali. Ila na huko nako msitunge nukuu. Mama wa Mbalizi haongei kama kitabu, nikisoma tasnifu ambayo wahojiwa wote wanaongea Kiswahili sanifu cha aina moja najua nimeshadanganywa.

Walimu wenzangu mnaosimamia, na nyie nawaambia. Ombeni madodoso yenyewe, sio faili la SPSS, ile programu ya takwimu ya kompyuta, peke yake. Chukueni simu mpigie mwenyekiti wa kijiji mmuulize kama kijana alifika. Akija na watu 150 badala ya 384 na sababu zake mpokeeni, msimrudishe akatafute wengine ndani ya wiki moja, maana mnajua kabisa atawapata wapi.

Kwa aliyeko fildi sasa hivi na hela imekata: mpigie supavaiza leo, mwambie ukweli, punguza vijiji. Kama uko upande wa Rungwe njoo nyumbani, pa kulala papo na asubuhi nitakusindikiza kwenye kaya ambazo hujazifikia.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Rungwe