Tumbusi hajaua mbuzi wa mtu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu zaidi ya miaka 20 bila kuwaandikia. Taarifa ya wiki jana kuhusu sisi wafugaji wa Laikipia na ndege waliokufa kwa sumu imenishinda kuvumilia.

Mwandishi wenu anasema tunawategea tumbusi sumu kwa kuwa wanaua mbuzi wetu. Amechanganya tai na tumbusi. Tai hubeba kitoto cha mbuzi, nimeona kwa macho yangu. Tumbusi miguu yake haina nguvu ya kubeba hata kuku. Chakula chake ni mzoga. Wala hakuna anayemtegea yeye. Sumu hutegewa simba na fisi, na tumbusi hufa kwa kuwa ndiye huwahi.

Mwaka juzi fisi waliingia zizini kwa jirani yangu wakaua mtamba. Alikuwa amejaza fomu za fidia mara mbili, ile fidia iliyoahidiwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, na hajaona shilingi. Kulipokucha akanyunyizia mzoga dawa ya wadudu wa shambani, zile chenga za zambarau ambazo watengenezaji wenyewe waliziondoa madukani humu nchini mwaka 2009. Nilifika alasiri. Nilihesabu tumbusi 17, mmoja bado anahema, kipande cha utumbo kinaning'inia mdomoni. Mbwa wangu wa kuchunga alilamba tu, akaanguka kabla ya kufika mtoni. Na fisi? Usiku uleule tuliwasikia ng'ambo ya mto! Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka, Mhariri. Hao 17 watarudi lini? Kule India dawa ya maumivu waliyodungwa ng'ombe iliwamaliza tumbusi, mizoga ikabaki ikioza na mbwa koko wakazagaa. Ndiko tunakoelekea, na mifugo itakayougua ni yetu.

Nani bado anawauzia watu sumu hiyo? Duka lilelile la dawa za mifugo lililoniuzia dawa ya kupe iliyochakachuliwa. Niliogesha ng'ombe Jumamosi, Jumatano kupe wamejaa masikioni, na mwenye duka ananiambia nilizidisha maji. Mkaguzi simjui sura.

Kila duka liwe na daftari la dawa za wadudu wa shambani: jina la mnunuzi, namba ya kitambulisho, ekari alizolima na zao lenyewe. Asiye na shamba asiuziwe. Chifu alikague kila mwisho wa mwezi. Na fidia ya mtamba ilipwe ndani ya siku 30, mzoga uchomwe siku hiyohiyo mbele ya askari wa wanyamapori.

Mfugaji,
Laikipia