Onyo la bahari lifike ufuoni

Mhariri,

Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilianzia karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ikachukua saa kadhaa kufika pwani yetu. Muda ulikuwepo, mfumo wa kutuonya haukuwepo. Baadaye nchi za Bahari ya Hindi, Kenya ikiwemo, ziliungana chini ya UNESCO kuunda mfumo wa pamoja wa onyo la tsunami. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini onyo likiishia ofisini Nairobi, halimfai mvuvi wa Mayungu anayesukuma ngalawa alfajiri. Litangazwe kwa Kiswahili redioni na kwa vipaza sauti vya misikiti, na viongozi wa wavuvi wapigiwe simu. Wafadhili wanaogharimia mitambo ya onyo wagharimie na hili pia. Kwa nini tuonyeshwe njia za kukimbilia baada ya maafa?

Mkazi wa Malindi