Barua kwa vijana wetu wa Masasi: ahadi ya Yeftha na mikorosho ya mama

Tumsifu Yesu Kristo, wajukuu zangu.

Tangu lile changizo la bati za paa la kanisa letu nimekaa kimya, nikitegemea wenye dhamana watasema. Hawakusema. Basi nawaandikia ninyi, vijana wa kwaya na wa umoja wa vijana, mlioko hapa mjini na mlioko Ndanda na Nachingwea, kwa sababu nimechoka kuona watoto wetu wakifilisika kwa ajili ya makofi.

Mlikuwepo. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akaita, "Nani mwingine? Nani anampenda Mungu kuliko huyu?" Kijana wetu mmoja akasimama, akaahidi shilingi 1,500,000. Vigelegele! Mama yake alikuwa ameketi nyuma kabisa, nami nilimwona akilifunga na kulifungua fundo la kanga anamowekea hela ya chumvi. Hakuna aliyemgeukia. Tarehe ya ahadi ilipokaribia, kijana akaenda kwa mtu wa kangomba, mlanguzi anayetoa fedha mapema kwa korosho ambazo hazijavunwa, akachukua fedha, korosho zingali maua. Alichokiweka rehani ni mikorosho ya mama yake, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mama alipolia, akaambiwa imani yake haba.

Fungueni Waamuzi 11 mmsome Yeftha, na msimsome haraka. Huyu hakuwa mjinga. Ndugu zake walimfukuza kwa kuwa mama yake alikuwa kahaba, akaenda kuishi nchi ya Tobu. Vita ilipowaelemea, wazee wa Gileadi wakamfuata kumbembeleza, naye hakukubali mpaka wameelewana masharti mbele za Bwana. Kisha akatuma wajumbe kwa mfalme wa Waamoni, si mara moja, akajenga hoja kwa historia, kwamba Israeli wamekaa katika miji ile miaka 300. Mtu anayepima maneno yake hivyo! Ndipo Roho wa Bwana akamjia, mstari wa 29. Na mstari wa 30 akafungua kinywa akaweka nadhiri: chochote kitakachotoka mlangoni kwangu kunilaki nirudipo, kitakuwa sadaka ya kuteketezwa.

Angalieni nini kilitangulia. Roho alikuwa amekwisha kuja. Mungu hakudai kitu, wala ushindi haukuwa na bei. Yeftha alipiga miji 20, akarudi Mispa, na aliyetoka na matari akicheza ni binti yake, mtoto wa pekee. Baba akararua mavazi yake, kisha akamwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyemwangusha. Hapo ndipo moyo wangu hukataa. Kinywa kilichoahidi ni cha baba, maisha yaliyolipa ni ya binti, na lawama akabebeshwa binti huyo huyo. Wapo wanaosema hakuchinjwa, bali aliwekwa wakfu akaishi bila mume. Hata iwe hivyo, aliyelipa hakuulizwa.

Na njia ya kutokea ilikuwepo! Torati ilikataza kuwateketeza watoto, Kumbukumbu la Torati 12. Walawi 27 iliweka thamani ya kumkomboa aliyewekewa nadhiri, na kwa msichana wa miaka 5 hadi 20 ilikuwa shekeli 10. Walawi 5 inamwelekeza aliyeapa kwa kuropoka aungame na kuleta sadaka ya dhambi. Angeweza kwenda kwa kuhani. Alisema tu kwamba amekwisha kumfunulia Bwana kinywa chake, hawezi kurudi nyuma. Wajukuu zangu, kuna watu hulinda sura zao wakaita huko kumheshimu Mungu.

Sasa nawageukia wazee wenzangu. Wazee wa Gileadi waliijua njia ya Tobu walipomhitaji Yeftha. Binti alipolia milimani miezi miwili, walikuwa wapi? Sauli naye aliapa ovyo, 1 Samweli 14, lakini watu wakasimama mbele ya mfalme wakamkomboa mwanawe Yonathani asife. Gileadi hakusimama mtu. Na sisi tulisimama? Tulipiga makofi, tukaandika jina daftarini, tukahesabu bati. Tunamwita mtoa ahadi baraka bila kumuuliza shamba ni la nani. Mtu yeyote anayekumbuka msimu wa 2018, minada ilipokwama mpaka serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo mpaka wakachoka, hawezi kumwacha kijana aahidi fedha za korosho ambazo hazijaanguka chini ya mti.

Mengine nayataja tu. Usiahidi cha mwenzako. Ulizia nyumbani kabla ya kusimama. Mithali 20:25 inasema wazi kwamba kuweka nadhiri kwanza na kuuliza baadaye ni mtego. Usimdhamini mtu kwa aibu, Mithali 6. Uliyoahidi kwa akili timamu na kwa mali yako, yatimize bila kuchelewa. Na hekima ya jana haikulindi leo: Yeftha aliyejadiliana na Waamoni hakuweza kupatana na Waefraimu ndugu zake, wakafa 42,000.

Simchukii huyo kijana. Nilimbeba akiwa na surua, ni mjukuu wangu kama ninyi. Waebrania 11 inamtaja Yeftha kati ya watu wa imani, kwa hiyo na huyu hajapotea. Lakini ninaomba mambo matatu kabla ya mnada wa kwanza wa korosho. Kamati ifute kiasi kilichobaki katika ahadi yake na imwambie hivyo mbele ya mama yake. Fedha alizokwisha kutoa zirudishwe, paa lisubiri. Na ninyi vijana mliopiga vigelegele, changeni kinachopungua, mfuatane naye kwa yule mtu, mlipe deni, mrudi na ile karatasi ya rehani mkaiweke mkononi mwa mama. Mimi nimetenga 50,000. Anayekuja kuongezea anikute nyumbani Jumamosi asubuhi.

Bibi yenu, Masasi