Mtungi Urudishwe: Barua ya Wazi kwa Mabinti wa Chama

Wanangu,

Jumamosi nilikuwa ngazini mlipopita na mtungi wa gesi wa mwenzenu, wawili mmeushika, wa tatu kakumbatia televisheni. Nikapanda hadi kwake. Uji wa mtoto ulikuwa nusu mbichi kwenye sufuria, na sakafuni duara la kutu pale mtungi ulipokaa. Deni lenyewe mlilomchukulia vitu ni michango ya miezi miwili ya chama chenu cha akiba, wakati mtoto alikuwa amelazwa. Mlijua. Mmoja wenu ndiye aliyempelekea nguo safi wodini.

Mkanijibu: "Shosho, katiba inasema." Katiba! Kurasa saba, hadi faini ya kupokea simu kikaoni.

Annette Baier, mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand aliyefundisha Pittsburgh, Marekani, aliandika makala kuhusu kuaminiana mwaka 1986. Alilalamika kwamba magwiji wa falsafa ya maadili, wanaume watupu, wengi makasisi na makapera, waliyaona maadili kama mapatano ya watu wazima walio sawa. Wakasahau kwamba kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto mchanga mikononi mwa mtu. Nani alinyonya kwa mkataba? Kumwamini mtu, kwa Baier, ni kumwachia kitu unachokithamini, ukijua akitaka anaweza kukuumiza.

Mnalijua hilo kuliko wasomi. Saa kumi na moja alfajiri mnakimbilia matatu, mkimwachia dada wa kazi mtoto wa miezi sita. Sukari mmeifungia kabatini, ufunguo uko mkobani. Mtoto hana kufuli! Na mshahara wa dada ukichelewa wiki mbili, faini analipwa nani? Nauliza tu, maana katika kurasa saba sikuiona.

Baier aliacha kipimo: kila upande ukijua mwenzake anategemea nini ili uhusiano udumu, je, utadumu bado? Huyo dada akigundua mnategemea kwamba hana nauli ya kurudi kwao, atabaki? Na mwenzenu mlitegemea aibu yake. Sasa ameshajua.

Siwalaumu peke yenu. Jiji hili limetulea vibaya: wakopeshaji wa pesa kwa simu wamepigia hadi mama wakwe za watu kudai, nasi tukadhani hiyo ndiyo kazi ya deni.

Wapo wanaohepa makusudi, najua. Baier naye hakusema tumwamini kila mtu. Wekeni akiba ya dharura. Mweka hazina asishike pesa peke yake. Kikao kianze kwa kujuliana hali.

Nasikia mtungi uko kwa katibu. Urudishwe leo kabla ya giza, na msiuache mlangoni kama mzigo wa kuletewa. Ingieni, muufunge wenyewe. Mpira wake bado unaning'inia pale ukutani.

Shosho wenu wa ghorofa ya pili