Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Serikali ya Mpito: kiti kisiachwe wazi

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

Hongera tutakupa siku utakapokabidhi ofisi. Kwa sasa dikteta ameondoka, lakini orodha ya mishahara ya jeshi, majalada ya idara ya usalama na saini za Benki Kuu bado ziko mikononi mwa watu aliowateua yeye. Kila anayebisha hodi kwako anauliza uchaguzi ni lini. Sisi tunauliza jingine: ni vyombo gani umepanga kuviunda "baadaye"? Mipito mingi imefia hapo hapo.

Tazama Sudan. Omar al-Bashir alipoangushwa Aprili 2019, Hati ya Katiba ya Agosti mwaka huo iliweka mpito wa miezi 39 na Baraza la Utawala la watu 11, wanajeshi na raia pamoja. Baraza la Kutunga Sheria lilitakiwa kuundwa ndani ya siku 90. Halikuundwa kamwe. Sheria zikawa zinapitishwa katika kikao cha pamoja cha Baraza la Utawala na la Mawaziri, yaani majenerali wakiwa mezani. Oktoba 25, 2021, zamu ya raia kushika uenyekiti ikikaribia, majenerali hao hao wakapindua.

Tunisia ilikuwa na katiba nzuri ya Januari 2014, na bado ikaangukia shimo lile lile. Mahakama ya Katiba ilipaswa kuwa na majaji 12: wanne wa Bunge, wanne wa Rais, wanne wa Baraza Kuu la Mahakama. Bunge lilihitaji theluthi mbili kwa kila jina, vyama vikakamiana, na miaka ikapita likiwa limemchagua jaji mmoja tu. Julai 25, 2021 Rais Kais Saied alisimamisha Bunge kwa kutumia Ibara ya 80. Ibara hiyo iliruhusu wabunge kuiomba Mahakama, baada ya siku 30, iamue kama hali ya dharura bado ipo. Mahakama yenyewe haikuwepo.

Kwa hiyo kila kifungu cha katiba ya muda kinachounda chombo kiwe na vitu viwili: tarehe ya mwisho, na nini kitatokea tarehe hiyo ikipita. Bunge likishindwa kuteua majaji ndani ya siku 60, uteuzi uhamie kwa chombo kingine kilichotajwa kwa jina. Theluthi mbili ikikosekana mara mbili, kura ya tatu iwe ya tatu kwa tano. Na hadi mahakama ipatikane, kazi yake ifanywe na jopo la majaji ambalo tayari lipo. Wanasheria wako watasema hayo ni mambo ya kanuni, si ya katiba. Usiwasikilize, kanuni hubadilishwa usiku mmoja.

Sasa jeshi, na hapa tunaomba uvumilivu wako. Kuna njia mbili za kuharibu. Ya kwanza ni ya Iraq: Mei 23, 2003 utawala wa Marekani ulivunja jeshi kwa amri moja, na laki kadhaa za watu wanaojua bunduki wakarudi nyumbani bila kazi. Ya pili ni ya Libya baada ya 2011: vikundi vyenye silaha vililipwa na serikali kama vikundi, kwa orodha za makamanda wao. Ukilipa kwa orodha ya kamanda, kamanda huongeza majina, na hakuna mwenye sababu ya kusalimisha silaha.

Simamisha ajira mpya kwanza. Kisha hesabu watu kambi kwa kambi, siku moja, kila mmoja akiwepo mwenyewe, kwa alama za vidole na namba ya silaha aliyokabidhiwa. Mshahara uende kwenye akaunti ya askari. Kamanda athibitishe mahudhurio tu, fedha asiziguse. Ukihesabu kambi moja leo na nyingine wiki ijayo, watu watakopeshwa kati ya kambi. Askari hewa, yaani majina yanayolipwa bila mtu kuwepo, si hadithi: mwaka 2014 Waziri Mkuu wa Iraq, Haider al-Abadi, alitangaza kuwa wamegunduliwa 50,000. Baada ya mishahara ndipo uguse kampuni za jeshi, kwa ukaguzi kwanza na mapato kuingia Hazina, huku pensheni za maafisa zikilindwa kwa sheria. Ukianza na kampuni, utaondolewa kabla ya kufika kwenye mishahara.

Majalada ya idara ya usalama hayasubiri wiki. Ujerumani Mashariki, maafisa wa Stasi, polisi wa siri wa huko, walichana karatasi kwa mikono mashine ziliposhindwa, na maelfu ya magunia ya vipande yakabaki hata baada ya raia kuingia makao makuu Januari 15, 1990. Weka lakiri kwenye milango, na mlinzi asiwe wa idara yenyewe.

Uchaguzi utakuja, na ni sehemu iliyo rahisi kuliko inavyodhaniwa. Anayeogopa kushindwa anahitaji kujua atapoteza nini na hatapoteza nini. Afrika Kusini ilipiga kura Aprili 1994 chini ya katiba ya muda iliyobeba misingi 34 ambayo katiba ya kudumu ililazimika kuifuata, na Mahakama ya Katiba ikairudisha rasimu ya kwanza ya katiba hiyo Septemba 1996 kwa kutoifuata. Kwa Bunge la kuandika katiba, tumia uwiano, yaani viti vigawanywe kulingana na kura: Tunisia mwaka 2011, chama cha Ennahda kwa asilimia 37 hivi ya kura ilipata viti 89 kati ya 217, ikalazimika kutafuta washirika. Kura zihesabiwe kituoni, fomu ibandikwe mlangoni, na kila wakala apewe nakala kabla sanduku halijaondoka.

Kabla hujatangaza tarehe ya uchaguzi, tunaomba utoe hadharani mambo mawili: ratiba ya kuhesabu askari, na majina ya majaji watakaoshika kazi ya Mahakama ya Katiba kuanzia siku katiba ya muda itakaposainiwa.

Tunawasilisha.